Kengele, SMS au simu ya mshauri: ipi ikusaidie kumeza ARV bila kuruka?

Mtu anayesahau vidonge vya ARV, dawa za kupunguza makali ya HIV, na mtu anayevificha wakwe wasivione huandikwa maneno yaleyale kwenye faili ya CCC, kliniki ya huduma za HIV: amekosa dozi. Kisha wote wawili hupewa ushauri mmoja, weka kengele kwenye simu. Kwa yule wa kwanza ushauri umefika. Kwa wa pili, kengele ya saa tatu usiku inawafanya wote walio sebuleni waulize kunani.

Kwa hivyo kabla hujalinganisha huduma hii na ile, tafuta kwanza kinachokukosesha dawa. Huku Kisumu, Siaya, Busia, na hata kwa jamaa zetu walio kwenye mashamba ya maua kule Naivasha, utasikia mambo yaleyale. Nilisahau. Sikupata pa kumezea bila kuonekana. Niliitwa matanga ghafla nikaacha mkebe nyumbani. Au: nimechoka tu, nimemeza miaka kumi na siumwi popote. Simu hutibu la kwanza vizuri na la tatu kiasi. Hayo mengine mawili yanataka mtu, ingawa mtu huyo anaweza kuja kupitia simu.

Kazi yenyewe, tushukuru, imepungua. Wengi walio kwenye matibabu Kenya siku hizi humeza kidonge kimoja kwa siku, TLD, chenye tenofovir, lamivudine na dolutegravir. Virusi hupata shida kuizoea dolutegravir kuliko vilivyozizoea dawa nyingi za zamani. Lakini ukiruka mara kwa mara vitapanda tena, na ile faida kubwa ya kufika kiwango kisichoonekana kwenye kipimo, kwamba humwambukizi mwenzio mkijamiiana, itapotea.

Kengele ya simu

Kwa anayesahau, anzia hapa. Haihitaji bando, mtandao wala mradi wa mtu. Kabambe, zile simu ndogo za vitufe, nyingi hulia kengele hata zikiwa zimezimwa, lakini simu janja nyingi ukizizima zinanyamaza kabisa. Kama unazo zote mbili, iweke kwenye kabambe.

Tatizo lake ni mazoea. Baada ya wiki chache kidole kinaizima kabla akili haijafika. Uko jikoni unakaanga omena, kengele inalia, unaizima ukisema utameza ukimaliza, na ukimaliza hukumbuki kama ulimeza au la. Dawa ya hilo ni kutoizima mpaka kidonge kiwe mdomoni, na kuchagua saa ambayo kwa kawaida uko karibu na mkebe. Wengi humeza taarifa ya habari ya saa moja usiku inapoanza, kwa sababu saa hiyo wako nyumbani, na redio au televisheni ya jirani inawakumbusha hata simu ikizima chaji. Kisanduku cha plastiki chenye vyumba saba, kimoja kwa kila siku, kinajibu swali la "nilimeza?" kuliko programu yoyote niliyoiona. Ukikuta umeruka, usimeze viwili kwa pamoja ili kufidia. Piga simu kliniki uulize.

Kengele nyingi hukubali kuandikwa jina. Usiandike "dawa". Andika "lisha kuku" au "piga nyumbani", au usiandike kitu.

Dosari ambayo huwezi kuirekebisha ni kwamba kengele haijui kama umemeza. Ukiacha wiki nzima, itaendelea kulia kila jioni na hakuna atakayejua.

SMS ya kukumbusha

Hapa tuna bahati, kwa sababu swali hili lilipimwa kwetu hapahapa. Katika kituo cha afya cha Chulaimbo, kwenye barabara ya Kisumu kwenda Busia, watafiti waliwafuatilia wagonjwa 431 walioanza ARV muda si mrefu. Baadhi hawakutumiwa kitu. Wengine walitumiwa ujumbe kila siku, wengine mara moja kwa wiki. Kwa wengine ujumbe ulikuwa mfupi, kwa wengine uliongezwa maneno ya kutia moyo. Chupa zao zilikuwa na vifuniko vya elektroniki vilivyorekodi kila zilipofunguliwa.

Matokeo yalichapishwa 2011. Baada ya wiki 48, kati ya waliopata ujumbe wa wiki, asilimia 53 walikuwa wamefikisha angalau asilimia 90 ya dozi zao. Kwa wasiotumiwa chochote ilikuwa asilimia 40. Ujumbe wa kila siku haukuleta nafuu hiyo, na maneno ya faraja hayakuongeza kitu.

Mimi hili la kila siku halinishangazi. SMS ya kila siku huingia pamoja na matangazo ya kamari na mikopo, na mkono unazoea kufuta yote bila kusoma. Kwa hivyo kliniki ikikuuliza unataka mara ngapi, sema kwa wiki. Ila itazame hiyo 53 na upande wake wa pili pia: karibu nusu ya waliokumbushwa kila wiki hawakufika. Ukiona SMS haikusaidii, huna kasoro yoyote. Umeangukia tu kundi ambalo linahitaji kitu kingine.

Halafu SMS inasomeka. Vijijini kusikofika stima, simu huachwa kwenye duka la kuchaji tangu asubuhi. Hupangwa na nyingine kumi juu ya ubao, kila moja ikiwa na kipande cha karatasi chenye jina la mwenyewe kilichobanwa na mpira. Ujumbe ukiingia, kioo kinawaka, na mwenye duka au yeyote aliyeegemea kaunta anasoma mistari miwili ya kwanza. Kabla hujakubali kuandikishwa, omba uonyeshwe ujumbe wenyewe na jina la mtumaji litakalotokea juu. Ujumbe mzuri hautaji dawa, virusi wala CCC. Kwenye simu janja, zima pia ile mipangilio inayoonyesha ujumbe kioo kikiwa kimefungwa.

SMS inayouliza, na mtu anayesoma jibu

Kati ya zote, hii ndiyo niipendayo, na nitaeleza pia ilipofeli.

Utafiti uliojulikana kama WelTel ulianza kuandikisha watu 2007 katika kliniki za Nairobi na Kajiado, watu 538 kwa jumla. Mara moja kwa wiki mgonjwa alipokea neno moja: "Mambo?" Alikuwa na saa 48 za kujibu "Sawa" au "Shida". Aliyejibu "Shida", na aliyenyamaza, alipigiwa simu na mhudumu wa kliniki. Hakuna mahali ujumbe ulipotaja dawa. Aliyeusoma juu ya bega lako angeona salamu ya rafiki.

Matokeo yalitoka 2010. Waliosema wamemeza dawa zao ipasavyo walikuwa asilimia 62, dhidi ya 50 kwa waliohudumiwa kwa njia ya kawaida. Walioshusha virusi walikuwa asilimia 57 dhidi ya 48.

Linganisha na kengele. Kengele inakuamrisha, na ukikaidi yameisha. Hii inakuuliza hali, na ukinyamaza kunyamaza kwako kunasikika. Aliyeacha kumeza kwa sababu dawa inamkosesha usingizi, au mume amegundua mkebe, anaandika neno moja na mtu anampigia. Kinachofanya kazi hapo ni muuguzi aliye mwisho wa laini. SMS inamwonyesha tu ampigie nani kwanza, ili asipige simu 500 kila Jumatatu.

Sasa dosari. Mbinu hiyohiyo ilijaribiwa Kibera na Baba Dogo kwa watu 700 waliokuwa wapya kwenye huduma, na matokeo ya 2018 yalikuwa baridi: baada ya mwaka, asilimia 79 ya waliotumiwa ujumbe walikuwa bado wanahudhuria, na asilimia 81 ya wasiotumiwa. Hakuna tofauti ya maana. Ninavyoona mimi, "Mambo?" humsaidia mtu aliyekwisha kukubali matibabu asilegee. Yule ambaye bado anabishana na majibu ya kipimo, au ameamua kuhamia mahali asipojulikana, salamu ya wiki haimrudishi.

Basi kama kituo chako kina huduma ya kujibu, muulize sista maswali haya kabla ya kuweka sahihi: nani husoma majibu, na Jumamosi je? Kujibu ni bure au nitakatwa salio? Kuna Dholuo au Kiluhya? Ukijibiwa kwamba "mfumo unasoma" na hakuna jina la mtu, elewa kwamba umepewa SMS ya kukumbusha iliyovaa nguo nyingine. Na asiyesoma vizuri asiichukue kabisa, maana atakayemsomea ni mtoto wa darasa la sita, na siri imekwisha.

Kwa mama mjamzito ningeikubali haraka zaidi. Katika vituo vitano vya Nyanza, wanawake 388 wanaoishi na virusi walishiriki utafiti uliochapishwa 2014, nusu yao wakitumiwa SMS kabla na baada ya kujifungua. Waliorudi kliniki baada ya kuzaa walikuwa asilimia 19.6 dhidi ya 11.8, na watoto waliopimwa walikuwa asilimia 92 dhidi ya 85. Ile namba ya kwanza ni ndogo kwa pande zote mbili, inasikitisha. Lakini hiyo tofauti kwa watoto si ya kupuuzwa.

Ushauri na Nishauri

Watu huzichanganya hizi na vikumbusho vya dozi. Ushauri hutuma SMS za kukumbusha tarehe ya kliniki. Nishauri ni programu ya simu janja ambayo mwenyewe unafungua kuona tarehe zako na matokeo yako ya kiwango cha virusi. Hakuna hata moja itakayokuamsha umeze leo usiku. Lakini siku hizi mtu hupewa dawa za miezi mitatu au hata sita, na tarehe iliyoandikwa Februari ni rahisi kuipoteza Julai, kwa hiyo SMS ya tarehe ni ya kukubali bila kufikiri sana.

Programu ina faida yake unapokuwa mbali. Umefika Siaya kwa matanga, mkebe umebaki Naivasha, mazishi yamesogezwa mbele kwa siku nne. Unaweza kwenda kituo cha karibu ukaeleza, na ukiwa na ithibati ya dawa unazotumia na kliniki unakotoka, wanakupa za kukuvusha. Asiye na programu apige tu picha ya kadi ya kliniki na ya mkebe, aziweke mahali penye nywila. Gharama yake ni sifuri, na nimeona ikimwokoa mtu safari ya kurudi Nakuru usiku.

Kundi la WhatsApp

Kwa aliyechoka, hasa kijana, kundi linaweza kufanya ambacho SMS haiwezi: kumwonyesha kwamba kuna wengine wa rika lake wanaosoma chuo, wanaochumbiana na kumeza kila siku. Usiku wa saa nne mtu anaandika "leo sitaki hata kuiona hiyo dawa", na watatu wanamjibu kabla hajalala.

Kama kikumbusho, kundi ni bovu. Ujumbe mia unafunika ule wa dawa. Bando likiisha hupo. Baya zaidi, nambari yako huonekana na kila mwanakundi, na anayepiga picha ya kioo hakuombi ruhusa; ujumbe unaojifuta hauzuii hilo. Na makundi yasiyo na msimamizi hugeuka haraka kuwa soko la miti shamba na maombi ya kuponya. Ingia tu lile linalosimamiwa na mshauri wa kliniki unayemjua uso, kwa laini ambayo si ya M-PESA yako, kwa kuwa mtu akianza kutuma pesa kwa nambari hiyo huonyeshwa jina lako la kitambulisho.

Kisanduku chenye laini ndani

Hiki hubeba vidonge, na kila kikifunguliwa hutuma ishara kwa kliniki. Kimetumika katika tafiti hapa Afrika Mashariki, na wataalamu hukipenda kwa sababu hakidanganyi kama mdomo. Kwa mtu wa kawaida sioni haja. Kinataka kuchajiwa, hukipati dukani, mgeni akikiona ataulizia, na kufungua si kumeza: anayesafiri atatoa vidonge vya siku tano kwa mara moja na kompyuta itaandika kwamba ameruka siku nne.

Simu ya mshauri

Mshauri rika, mentor mama, mhudumu wa afya ya jamii, jina lolote kituo chako kinalotumia. Hii ndiyo njia ghali kuliko zote kwa kliniki na ndiyo inayomfaa anayeficha na aliyekata tamaa. Sauti haibaki kwenye simu. Ukiwa na watu karibu unasema "nitakupigia" na unakata. Mshauri mwenye uzoefu atakuuliza mambo ambayo programu haina: mkebe unauweka wapi, unalia ukitingishwa? (Weka pamba ndani, au omba ushauri wa chombo kingine kikavu chenye kifuniko.) Nani nyumbani anajua? Tuhamishie dozi asubuhi, wakwe wakiwa shambani?

Ubaya wake ni kwamba washauri ni wachache na wengi mishahara yao hutoka nje. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada, wahudumu wengi wa miradi ya HIV nchini waliambiwa wakae nyumbani, na simu walizokuwa wakipiga zikakoma wiki hiyohiyo. Kwa sababu hiyo simshauri mtu ategemee njia moja inayolipiwa na mwingine. Hata ukiwa na mshauri bora, kengele yako ya kabambe iendelee kulia.

Kuhusu mpangilio, kuna utafiti wa kliniki za Kisumu na jirani uliochapishwa 2023, uliohusisha watu zaidi ya 1,800. Walianza na kitu chepesi: wengine ushauri wa kawaida, wengine SMS, wengine vocha ndogo ya pesa kwa kufika tarehe iliyopangwa. Aliyekosa licha ya hayo alipandishwa ngazi, baadhi wakapewa mtu wa kuwafuata na kuwasindikiza. Ndivyo nami ningepanga: anza na cha bure, jipe miezi michache, angalia kipimo cha virusi, na kikiwa juu usiongeze kengele ya pili. Omba mtu.

Kwa mtu kama wewe

Mvuvi wa omena wa Dunga au Usenge: usianze na simu, anza na saa. Usiku uko ziwani na taa, simu imefungwa kwenye karatasi ya nailoni na mtandao unakuja na kupotea. Zungumza na kliniki dozi iwe asubuhi ukishatua samaki, halafu kengele ya kabambe itatosha.

Mfanyakazi wa shamba la maua anayebadilishiwa zamu: kengele, SMS ya tarehe ya kliniki, na picha ya kadi. Wengi hawaruhusiwi simu kazini, hivyo dozi iangukie nje ya zamu zote mbili.

Aliyeolewa nyumba ambayo hawajui hali yake: hakuna SMS yoyote mpaka aonane na mshauri ana kwa ana. Akikataa kuandikishwa ana haki. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu hali ya afya kuwa taarifa nyeti, na Sheria ya HIV na UKIMWI ya 2006 inakataza kituo kutoa hali yako kwa mwingine hivi hivi.

Mwanafunzi wa bweni: simu haziruhusiwi shuleni, kwa hiyo karibu yote niliyoandika hapo juu hayamhusu hadi likizo. Anahitaji mtu mzima mmoja, muuguzi wa shule au matroni, aliyeambiwa na mzazi kwa makubaliano na mtoto mwenyewe. Likizoni anaweza kupiga 1190, nambari ya bure ya vijana ya shirika la LVCT Health.

Na yeyote atakayechagua kitu chenye SMS, akibadilisha laini aiambie kliniki siku hiyohiyo. Laini isiyotumika kwa muda hurudishwa na kampuni ikauzwa upya. Mwenyeji mpya ndiye atakayekuwa akijibu "Sawa" kila wiki, na muuguzi hatapiga simu.